Takwimu za Kilombero: Anayeandikwa, anayesahaulika na haki ya kila mmoja

MCHOMBE ni miongoni mwa vijiji vya bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, vilivyo upande wa barabara itokayo Ifakara kuelekea Mlimba, chini ya milima ya Udzungwa. Wakazi wake wengi ni wakulima wa mpunga na, kama ilivyo kwa majirani zao wa Mngeta, Mbingu na Chita, ni watu waliozoea kuulizwa maswali.

Kwa karibu miaka 30 sasa wakazi wa bonde hili wamehesabiwa na kuandikwa pengine kuliko Watanzania wengi wa vijijini. Wamepita watafiti wa afya, makarani wa sensa, wapimaji wa ardhi, mawakala wa laini za simu na waandikishaji wa wakulima. Wa kwanza walikuja na karatasi na kalamu. Wa siku hizi huja na vishikwambi na mashine za kusoma alama za vidole.

Orodha hizo zina faida isiyopingika. Kwa sababu ya orodha mtoto hupata chandarua, mkulima hupata mbolea ya ruzuku na mjane hupata hati ya shamba. Hata hivyo, kila orodha ina mtu anayebaki nje yake, na mara nyingi anayebaki nje ndiye mwenye shida kubwa zaidi. Aidha, yapo mambo ambayo yakishaandikwa na kufika mikono isiyohusika, humdhuru yule yule aliyeyasema kwa nia njema.

Ndiyo sababu suala linaloitwa maadili ya taarifa si la wataalamu wa kompyuta wa Dar es Salaam na Nairobi pekee. Linamgusa pia mkulima wa Mchombe ambaye hajawahi kumiliki kompyuta.

Maana ya maadili ya taarifa

Maadili ya taarifa ni kanuni zinazoeleza namna iliyo sahihi ya kukusanya, kutunza, kutumia na kufuta habari zinazohusu watu. Kanuni hizo hujibu maswali manne ya msingi: nani aulizwe, aulizwe nini, nani aruhusiwe kuona majibu, na nani anufaike nayo.

Usanifu wa kidijitali, kwa upande wake, ni kazi ya kupanga mfumo utakaopokea majibu hayo. Msanifu ndiye anayeamua fomu iwe na nafasi ngapi, jibu lipi likubaliwe na lipi likataliwe, na mtu asiye na namba fulani afanyweje. Uamuzi huo huonekana kuwa wa kiufundi tu. Matokeo yake ni ya kijamii, kwa kuwa kompyuta haijui kuona haya wala kumwonea mtu huruma. Ikiwa fomu haina nafasi ya mtu fulani, mtu huyo hayupo.

Hapo ndipo haki ya jamii inapoingia. Karani mwenye daftari angeweza kuandika maelezo pembeni ya ukurasa akieleza kwamba kaya hii ina mambo yake. Karani mwenye kishikwambi hawezi kwenda ukurasa wa pili kabla ya kujaza wa kwanza kwa namna aliyoitaka msanifu.

Historia ya uandikishaji bondeni

Ifakara ina historia ndefu ya utafiti. Mwaka 1957 mwanasayansi wa Uswisi, Rudolf Geigy, alianzisha mjini humo maabara ya Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Kitropiki. Maabara hiyo ilikua, ikapita katika mikono na majina tofauti, na tangu mwaka 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara, chombo cha Kitanzania chenye ofisi pia Dar es Salaam na Bagamoyo.

Mwaka 1996 taasisi hiyo ilianza kuandikisha kaya zote za vijiji 25 vilivyokuwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga za wakati huo. Kila mkazi alipewa namba yake ya kudumu. Kuanzia mwaka 1997 wadadisi walirudi katika kila kaya kila baada ya miezi minne kuuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani amehamia na nani ni mjamzito. Palipotokea kifo, ndugu wa marehemu waliulizwa dalili alizokuwa nazo ili kukadiria chanzo chake.

Utaratibu huo ulijaza pengo kubwa. Vijijini wengi hufia nyumbani, na kifo cha mtoto mchanga mara nyingi hakiandikwi popote. Taifa linaloyategemea madaftari ya hospitali huwaona wagonjwa waliofika hospitali tu. Wale walioshindwa nauli, au waliofungiwa njia na mafuriko, hawaonekani katika hesabu zake.

Chandarua na daftari

Faida ya kwanza kubwa ya daftari hilo ilikuwa chandarua. Katikati ya miaka ya 1990 malaria iliua watoto wengi bondeni, na chandarua kilichotiwa dawa kilikuwa bidhaa ya wachache. Mradi uliojulikana kama KINET ulianza mwaka 1997 kuuza vyandarua na dawa kwa jina la Zuia Mbu kupitia maduka na mawakala wa vijijini. Wajawazito na wenye watoto wadogo walipewa hati za kununulia kwa bei nafuu.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la tiba la Lancet la Uingereza yalionyesha kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa vilihusiana na ongezeko la asilimia 27 la kuishi kwa watoto wa umri wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Idadi ya watoto wachanga waliolala ndani ya chandarua ilipanda kutoka chini ya asilimia 10 hadi zaidi ya asilimia 50 katika miaka mitatu.

Uzoefu huo wa Kilombero na Ulanga ulichangia kuzaliwa kwa mpango wa taifa wa hati punguzo ulioanza mwaka 2004, ambao uliwafikia wajawazito nchi nzima. Kwa maneno mengine, majibu yaliyotolewa na akina mama wa bonde hili yalimsaidia mtoto wa Singida na wa Mtwara.

Wastani unapoficha maskini

Pamoja na mafanikio hayo, watafiti waliuliza swali lingine: je, vyandarua vilimfikia nani? Kujua kwamba kaya nyingi zina chandarua hakutoshi ikiwa zote ni za wenye duka na wenye bati.

Rose Nathan wa Ifakara na wenzake walichapisha jibu mwaka 2004. Waliigawa jamii katika makundi kwa kutazama mali iliyomo ndani ya kaya, kisha wakalinganisha. Mwaka 1997 kwa kila kaya 10 za kundi la juu zilizokuwa na chandarua, katika idadi hiyo hiyo ya kaya za kundi la chini ni kama tatu tu zilizokuwa nacho. Mwaka 2000 uwiano huo ulikuwa umepanda hadi kama sita kwa 10. Pengo lilipungua lakini halikuzibika.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2003 na kuhusisha wilaya za Kilombero, Ulanga, Rufiji na Morogoro Vijijini ulitoa fundisho la aina hiyo hiyo. Mgeni angeweza kusema kwamba watu wote wa vijiji hivyo ni maskini. Takwimu zilipochambuliwa ilionekana kuwa hata miongoni mwa maskini kuna ngazi, na mtoto wa kaya yenye nafuu kidogo alipata matibabu sahihi mara nyingi zaidi kuliko mtoto wa kaya ya chini kabisa.

Hiyo ni kanuni ya kwanza ya haki katika takwimu. Mfumo usiouliza hali ya kaya hauwezi kumwona aliye nyuma. Utatoa wastani mzuri, na wastani huo utasomwa makao makuu kana kwamba kila mtu amefikiwa.

Kaya yenye nyumba mbili

Kanuni ya pili inahusu mahali. Mashamba mengi ya mpunga bondeni yapo mbali na kijiji, kwenye mbuga zinazofurika wakati wa masika. Tafiti za miaka ya 2000 zilionyesha kuwa familia nyingi huhamia shambani kwa wiki au miezi, zikiishi katika vibanda na madungu ili kupanda, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna.

Kwa mfumo uliosanifiwa na mtu aliyezoea maisha ya mjini, kila mtu ana nyumba moja yenye namba moja. Mdadisi akifika Mchombe katika msimu wa kilimo na kukuta mlango umefungwa, fomu humpa majibu machache: kaya ipo, haipo au imehama. Hakuna jibu la nne, yaani kaya ipo shambani na itarudi na magunia.

Kosa hilo si dogo. Familia iliyoandikwa kuwa imehama inaweza kukosa chandarua cha kampeni, kukosa chanjo ya mtoto au kuondolewa katika hesabu ya madawati ya shule. Na shambani ndiko kuliko na mbu wengi, ndiko kuliko mbali na zahanati. Mtu hukosa msaada kwa sababu ile ile inayomfanya auhitaji.

Marekebisho yake hayahitaji fedha nyingi. Fomu ikiwa na nafasi ya makazi ya pili na msimu wake, mfumo humfuata mkulima badala ya kumwadhibu. Hilo hujulikana mapema ikiwa wasanifu watakaa na wanakijiji kabla ya kuandika programu, na wakiendelea kukosoana nao baada ya majaribio ya kwanza.

Anayeogopa kuhesabiwa

Kanuni ya tatu ni ya madhara. Mwaka 2002 bonde la Kilombero liliingizwa katika orodha ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo na wafugaji bondeni, ikieleza kuwa lengo lilikuwa kunusuru mto na ardhi oevu.

Kwa kaya ya wafugaji iliyopitia operesheni hiyo, swali la una ng'ombe wangapi na unawachunga wapi si la kitakwimu tu. Mdadisi anaweza kuwa anapima lishe ya watoto kwa nia njema kabisa. Lakini mfugaji atajiuliza jibu lake litasomwa na nani mwakani.

Palipo na hofu ya namna hiyo watu hufanya moja kati ya mambo mawili: hudanganya au hujificha. Takwimu huharibika, na kundi zima hutoweka katika mipango ya maji, shule na zahanati. Hivyo kulinda siri ya anayejibu ni kumlinda yeye, na pia ni kuilinda hesabu yenyewe.

Aidha, kuondoa jina pekee hakutoshi kuficha mtu. Takwimu za vijiji vya aina hii zimewahi kushirikishwa kwa watafiti wa nchi nyingine kupitia mtandao wa vituo vya utafiti ulioitwa INDEPTH, ulioanzishwa mwaka 1998, baada ya majina kuondolewa. Lakini katika kitongoji chenye kaya chache, anayeambiwa umri wa mama, idadi ya watoto wake pacha na mwaka alioufiwa na mume anaweza kumtambua bila kutajiwa jina. Alama ya setilaiti ya paa la nyumba humtambulisha kwa urahisi zaidi. Kwa sababu hiyo watunzaji makini wa takwimu hujumlisha majibu katika makundi makubwa na kusogeza alama za ramani kabla ya kuzitoa nje.

Si kila kitu ni siri

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba maadili ya taarifa maana yake ni kuficha kila jambo. Ardhi inaonyesha upande wa pili.

Kati ya mwaka 2016 na 2019 Wizara ya Ardhi, kwa msaada wa Uingereza, Sweden na Denmark, iliendesha katika wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi Programu ya Kuwezesha Umilikishaji wa Ardhi, maarufu kwa kifupi cha LTSP. Mipaka ya vijiji na mashamba ilipimwa kwa vifaa vya kidijitali na wananchi wakapewa hati za hakimiliki za kimila.

Katika kazi ya namna hiyo usiri ndio hatari. Mwenye shamba hutembea mpakani pamoja na majirani zake, na orodha ya wanaodai ardhi hubandikwa hadharani ili mwenye pingamizi ajitokeze. Orodha ya wenye ardhi ikifungiwa ndani ya kompyuta ya ofisi, mwenye nguvu anaweza kuandika jina lake katika shamba la yatima na yatima asijue mpaka siku trekta litakapofika.

Majibu ya ugonjwa, kwa upande mwingine, yakibandikwa ukutani humvunjia mtu heshima na pengine ndoa. Kwa hiyo swali sahihi si kama taarifa iwe wazi au ya siri. Swali ni taarifa ipi iwe wazi, kwa nani, na kwa faida ya nani.

Ardhi inafundisha pia kuhusu wanawake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume. Lakini fomu yenye nafasi ya jina moja tu la mmiliki, au inayomtaka mkuu wa kaya peke yake, itajazwa jina la mume. Haki iliyopitishwa na Bunge hupotea mbele ya karani asiye na nia mbaya yoyote, kwa kuwa msanifu hakuweka mstari wa pili.

Vidole vya mkulima

Kuanzia Mei 1, 2019 laini za simu nchini zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha Taifa. Muda wa mwisho uliokuwa Desemba 31 mwaka huo ulisogezwa hadi Januari 20, 2020, na baada ya hapo laini zisizosajiliwa zilianza kufungwa kwa awamu.

Lengo lilikuwa kupambana na utapeli wa simu, jambo ambalo wananchi wengi walilitaka. Lakini kwa wakulima na vibarua jembe, mpini wa shoka na majani ya mpunga husugua ngozi, na mashine ya kusoma vidole hushindwa kuitambua. Wazee hupatwa na tatizo hilo zaidi. Asiye na kitambulisho naye hakuwa na njia ya kusajili laini kwa jina lake, na baadhi ya watu walitumia laini za ndugu.

Mwaka mmoja baada ya mwingine huduma nyingi zimeunganishwa na simu. Mpango wa mbolea ya ruzuku ulioanza msimu wa 2022/23, kwa mfano, humtaka mkulima aandikishwe kijijini kwake, zikichukuliwa taarifa zake, za shamba lake na namba yake ya simu. Kisha hutambuliwa kwa namba anapokwenda kununua kwa wakala.

Utaratibu huo unapunguza ulanguzi uliokuwapo zamani wa mbolea ya ruzuku. Lakini unadhani kuwa kila mkulima ana simu yake, ina chaji, na ipo mahali penye mtandao. Mwanamke anayelima ekari zake mwenyewe na kutumia simu ya mumewe anategemea ujumbe uliofika katika mfuko wa mtu mwingine.

Wataalamu wa usanifu wanaoheshimu haki husisitiza kanuni ya njia mbadala: kila penye mashine pawe na mtu mwenye mamlaka ya kumhudumia yule aliyekataliwa na mashine, na pawe na daftari la kuandika waliokataliwa ili kasoro ionekane na irekebishwe.

Sheria inasemaje

Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inatambua haki ya kila mtu ya kuheshimiwa faragha yake, ya familia yake na ya mawasiliano yake. Kwa miaka mingi hapakuwa na sheria mahsusi ya kuitekeleza haki hiyo katika zama za kompyuta.

Pengo hilo lilizibwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 3, 2024.

Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kihalali na kwa uwazi, kwa lengo lililotajwa, zisizidi mahitaji ya lengo hilo, ziwe sahihi na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Inampa mhusika haki ya kujua taarifa zake zilizopo, kutaka zirekebishwe, kupinga matumizi yanayomdhuru na kudai fidia. Taarifa za afya, za kijenetiki na za maumbile ya mwili kama alama za vidole zinahesabiwa kuwa nyeti na zina ulinzi wa ziada. Vilevile mtu anaweza kupinga uamuzi mkubwa unaomhusu uliofanywa na mashine peke yake.

Kwa tafiti za afya kuna ngazi nyingine. Utafiti unaohusisha binadamu unahitaji kibali cha maadili, kikiwamo cha kitaifa kinachosimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Mshiriki husomewa fomu ya ridhaa kwa lugha anayoielewa, na asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi.

Takwimu rasmi nazo husimamiwa na Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, inayokataza kutoa hadharani majibu ya mtu mmoja mmoja. Marekebisho yake ya mwaka 2018 yaliyozuia kuchapisha takwimu zinazopingana na za Serikali yalilalamikiwa ndani na nje ya nchi, na yalilegezwa kwa marekebisho mengine ya mwaka 2019. Mjadala huo ulikumbusha kuwa haki ya takwimu ina pande mbili: kutokuvuliwa siri zako, na kuruhusiwa kuhoji hesabu zinazotumika kukuamulia mambo.

Sensa ya Agosti 23, 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, ilikuwa ya kwanza nchini kufanywa kwa vishikwambi. Kadiri hesabu zinavyokuwa za haraka ndivyo uwezo wa kuzihoji unavyohitajika zaidi.

Mafunzo kutoka Kenya

Nchi jirani ya Kenya imepitia jambo linalofaa kutazamwa. Mwaka 2019 Serikali yake ilianza kuandikisha watu kwa ajili ya Huduma Namba. Mashirika ya kiraia, likiwamo Nubian Rights Forum, yalikwenda mahakamani yakihofia kwamba jamii ambazo tangu zamani hupata vitambulisho kwa taabu zingefungiwa nje kabisa.

Januari 30, 2020 Mahakama Kuu iliamua kuwa mpango huo hauwezi kuendelea bila kanuni za kutosha za kulinda taarifa, na ikazuia ukusanyaji wa vinasaba na wa alama za mahali mtu anapoishi. Oktoba 14, 2021 mahakama hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi kwa kuwa madhara kwa faragha hayakutathminiwa kwanza.

Kaskazini mashariki mwa Kenya kuna kisa kingine. Wakati wa ukame Wakenya wa jamii ya Wasomali walijiandikisha katika kambi za wakimbizi ili wapate chakula, wengine wakiwa watoto walioandikishwa na wazazi. Miaka kadhaa baadaye walipoomba vitambulisho vya uraia, alama za vidole vyao zilionyesha kuwa ni wakimbizi. Chakula cha njaa ya utotoni kiligharimu uraia wa utu uzima, kwa sababu orodha iliyofunguliwa kwa lengo moja ilitumika kwa lengo jingine.

Mambo ya kuuliza

Mwananchi anayeombwa taarifa zake, awe Mchombe, Ifakara au Kariakoo, ana haki ya kuuliza yafuatayo kabla ya kujibu:

1. Nani anayezitaka, na ana kibali au barua ya kumtambulisha kwa ofisi ya kijiji au mtaa?

2. Zitatumika kwa jambo gani, na je, zitapelekwa kwa mtu au ofisi nyingine?

3. Je, kujibu ni lazima kisheria, kama katika sensa, au ni hiari? Nikikataa nitanyimwa huduma?

4. Zitatunzwa wapi na kwa muda gani?

5. Zikikosewa nitazirekebisha kwa nani?

6. Mashine ikinikataa, nani atanihudumia?

7. Matokeo yatarudi lini kijijini, na yatasomwa katika mkutano gani?

Swali la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Matokeo ya tafiti husomwa katika mikutano ya Geneva na London na kuchapishwa kwa Kiingereza, wakati aliyeyatoa hajui kilichopatikana. Mkutano mkuu wa kijiji ni chombo halali, na taarifa ya kurasa mbili ya Kiswahili kwenye ubao wa ofisi ya kijiji haina gharama kubwa.

Historia ya Kilombero inaonyesha kuwa wananchi hawakatai kuhesabiwa. Kwa miaka mingi walifungua milango kila baada ya miezi minne, wakataja hata vifo vya watoto wao, na majibu yao yakasaidia kuokoa watoto wa wengine. Wanaosanifu mifumo ya leo wana deni kwa watu hao, na hatua ya kwanza ya kulilipa ni kuhakikisha kwamba mwenye nyumba shambani, mwenye kidole kilichosuguliwa na jembe na mwanamke asiye na simu yake wote wana nafasi kwenye fomu.